Nyuzi za Mgomba na Shimo la Tatu

Nimerudisha mabuti ya mpira, reki na ufunguo wa stoo ya chokaa. Kijiti cha kupimia nimekirudisha pia, ingawa nilikichonga mwenyewe. Siku ya kuniaga niliombwa niseme neno kwa vijana wanaobaki kiwandani, nami nikakaa kimya, kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kutazama masufuria ya pilau. Sasa ninasema. Anayeandika ni mjukuu wangu Adventina, ambaye amesoma. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Maneno ni yangu, herufi ni zake, na nimemwagiza asinipambe.

Kiwanda chetu ni kidogo. Ni cha chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Mabawe. Mkulima analeta kahawa mbivu, nyekundu, mashine inaimenya, punje zinalala katika tangi mpaka ute wake unaoteleza uchachuke na kuachia, kisha zinaoshwa na kuanikwa juu ya vichanja. Yote hayo yanataka maji mengi, na maji yakishamaliza kazi hiyo yanakuwa machungu, yenye povu na harufu ya pombe iliyoharibika. Chini ya kiwanda lipo bonde, na bondeni kipo kijito ambacho kaya za huko huteka na mifugo hunywa. Kazi yangu yote ya miaka hiyo, mkiiondolea mapambo, ilikuwa moja: maji ya juu yasifike chini kabla hayajatulia.

Lakini sikuanza hivyo, na hapa ndipo ninapotaka msikilize vizuri.

Siku yangu ya kwanza nilipewa jembe na fagio. Msimamizi wa wakati huo alinionyesha mfereji uliotoka kwenye mashine akaniambia, "Mama Bukuru, kila asubuhi zibua hapa, maji yapate njia." Mama Bukuru ndilo jina langu la kazini, kwa kuwa nina mapacha, na Bukuru ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Nilizibua. Sikuuliza njia hiyo inakwenda wapi. Mtu aliyepewa jembe huwa anatazama jembe. Msimu mzima nilifungua mfereji ule kwa bidii, na nilisifiwa kwa sababu uwanja wa kiwanda ulikuwa mkavu.

Mwisho wa msimu ule alipanda Masanja. Yeye ni Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga, na zizi lake liko bondeni. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akasalimia kila mtu kwa zamu, maana Masanja hagombani kabla ya kusalimia.

"Ng'ombe wangu wananusa maji, wanageuka," alisema. "Ndama wawili wanaharisha. Nauliza tu, ni nani anayenitumia uchachu huu?"

Msimamizi alicheka. "Labda ng'ombe wako wamezoea maji ya Shinyanga."

"Shinyanga hakuna maji, ndiyo maana tulikuja kwenu. Sasa naona nanyi hamyataki, mnayamwaga."

Vijana wa kichanjani waliangua kicheko. Mmoja akamwambia arudi kwenye ugali wake. Naye akajibu kuwa mla ndizi hawezi kumfundisha mtu habari za ng'ombe. Yakaishia katika mzaha. Hakuna aliyemjibu swali lake. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, jembe mkononi, na sikufungua mdomo. Mjue hilo kabla hamjasikia mengine.

Msimu uliofuata mnunuzi wa kahawa alileta masharti. Alitaka kiwanda kiwe na mfumo wa kutunza mazingira, na mkaguzi aje kila mwaka kuuthibitisha, la sivyo cheti hakitolewi na kahawa inauzwa kama ya mtu yeyote. Neno "mfumo" lilitutisha. Wengi wetu tulidhani ni mashine.

Chama kikamleta Mzee Laurian. Alikuwa bwana shamba mstaafu kutoka Biharamulo, mwembamba, mwenye kofia ya pama, na kazi yake ya uzeeni ilikuwa kuzunguka kwenye mashamba na viwanda kama chetu kuwawekea mifumo hiyo. Viongozi walimwandalia meza, kiti na maji ya chupa. Hakukaa. Alisema, "Twende na maji."

Basi tukaenda na maji. Tulianzia kwenye bomba, tukafuata mpaka tangi, mpaka mashine, mpaka sakafu ya kuoshea. Kila mahali aliuliza, "Hapa yanaingia nini? Yanatoka nini? Yanakwenda wapi?" Msimamizi alijibu vizuri mpaka ukutani. Nje ya ukuta alianza kukohoa. Mzee Laurian akageuka akatutazama sote.

"Nani anajua maji haya yanakwenda wapi?"

"Mimi," nilisema. "Ninayafungulia."

Nilimwongoza kufuata mfereji mpaka ukingo wa kijito. Alichuma jani lililoungua kwa uchachu, akalinusa, akanipa nami ninuse. Hakunikaripia. Tulipopanda aliwaambia viongozi kuwa msimamizi wa mazingira wa kiwanda ameshapatikana. Mwenyekiti wetu, Mzee Domisian, alimvuta pembeni, lakini masikio yangu ni mazuri.

"Mzee, yule mama hajui hata herufi ya kwanza."

"Herufi zitapatikana. Mtu wa kwenda na maji ndiye adimu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii. Mfumo wenyewe, kama alivyonieleza, ni jambo la nyumba yoyote inayojiheshimu. Jua unachotumia. Jua unachotupa na kinakoangukia. Kila kitu kiwe na mtu wake, siyo "sisi sote", kwa maana "sisi sote" hajawahi kuzibua mfereji. Pima. Ukikuta kosa, lirekebishe, kisha rudi mwanzo upime tena. Makaratasi yalikuwa mengi zaidi ya hapo, lakini kila karatasi niliyosomewa ilirudi kwenye hayo.

Tulifukia mfereji wangu. Nilishika jembe lilelile. Tukachimba mashimo matatu kuteremka mlima: la kwanza la kutuliza tope, la pili la kutia chokaa ili kupunguza ukali, la tatu la kuacha maji yanywewe na ardhi polepole, likiwa limezungushiwa nyasi za vetiva. Maji ya kumenyea tukaanza kuyazungusha yatumike tena kabla ya kuyaachia. Maganda yalilundikwa na kugeuzwa mpaka yakawa mboji, wakulima wakaipeleka migombani. Mwanzoni waliiogopa, wakasema itaua minyoo ya udongoni. Sasa wanaigombania.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Zilikuwepo karatasi ndogo za kupima ukali wa maji, ambazo ukizichovya hubadilika rangi. Kwangu zilikuwa kitabu pekee nilichoweza kusoma. Kilikuwepo kijiti cha mkaratusi, kirefu kunipita, nilichokichonga alama moja. Maji ya shimo la tatu yakigusa alama ile, mashine isimame. Na zilikuwepo nyuzi za mgomba. Hizo ni zangu, hakunifundisha mtu. Kwetu kila kitu hufungwa kwa uzi wa gamba kavu la mgomba, kuanzia mzigo wa kuni hadi mdomo wa gunia. Kila asubuhi nilichovya kijiti, nikachukua uzi, nikaukata urefu wa maji, nikautundika kwenye msumari wa stoo kwa mpangilio wa siku. Jumapili nilifunga fundo. Karani wetu, Renatus, aliupima uzi kwa rula na kuandika kwenye daftari. Mimi sikujua alichoandika, naye hakuwa na haja ya kuteremka mashimoni na viatu vyake vilivyong'arishwa. Tulielewana.

Mara ya kwanza kusimamisha mashine ilikuwa kilele cha msimu. Mvua ilikuwa imenyesha, shimo limejaa, na foleni ya wakulima ilifika barabarani. Nilimwambia mwendesha mashine azime. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwonyesha alama. Mkulima mmoja akapaza sauti, "Huyu mama anayapenda matope kuliko watoto wetu!" Nikamwambia kahawa yake italala katika maji safi mpaka kesho bila kuharibika, lakini wa bondeni hawana kijito cha akiba. Alinuna. Kahawa ililala, haikuharibika. Hakurudi kuniomba radhi, wala sikuitarajia. Aliyepanga foleni tangu asubuhi huwa hana radhi ya kugawa.

Nilipoifahamu kazi, Mzee Laurian alianza kunichukua mara mojamoja kwenda naye kuweka mifumo kwa wengine. Safari ninayotaka kuisimulia ni ya Bisibo, upande wa Biharamulo, siku nne. Tulikwenda kwenye shamba la mahindi na alizeti la mama mmoja hodari sana, mwenye ghala lililofagiliwa kuliko kanisa. Kila kitu kilikuwa safi. Ukutani alikuwa ametundika madumu matupu ya dawa ya kuulia wadudu, yameoshwa, yanang'aa.

"Haya ya nini, mama?" aliuliza Mzee Laurian.

"Ya kunyweshea vifaranga. Nimeyaosha kwa sabuni mara tatu."

"Na vifaranga wanaendeleaje?"

"Wanakufa. Mwaka huu kuna ugonjwa."

Hakucheka. Alikaa chini kwenye gunia, akamweleza taratibu kwamba sabuni haiijui dawa ile. Yule mama aliitazama ile safu ya madumu kama mtu aliyeambiwa kuwa wageni wake ni wezi. Kisha aliyatoboa mwenyewe, moja baada ya jingine, yasimdanganye mtu mwingine. Usafi wa kuonekana ndio uliomponza.

Tukirudi tulisubiri gari Nyakanazi, kwenye kibanda cha mama ntilie, malori yakitupulizia vumbi kwenye chai. Nilimwambia Mzee Laurian nina wasiwasi na shimo la tatu, kwa kuwa nilimwachia Renatus kijiti. Akasema, "Renatus anaandika vizuri." Nikasema, "Ndiyo. Ndiyo wasiwasi wenyewe."

Nilipofika Mabawe niliteremka mashimoni kabla ya kwenda nyumbani. Maji yalikuwa chini ya alama. Lakini nyasi za ukingoni zilikuwa zimelala zikielekea bondeni, zimepakwa utando mkavu wa kahawia, na harufu nilikuwa ninaifahamu. Shimo lilikuwa limefurika, kisha likanywea. Msumarini hapakuwa na uzi hata mmoja wa siku zile nne. Kijiti kilikuwa kikavu pale nilipokiegemeza.

Renatus alikuwa ofisini. Alinipa shikamoo nyepesi sana.

"Marahaba. Shimo lilikuwaje?"

"Salama, Mama Bukuru. Nimeandika kila siku."

"Uliandika ulichokiona?"

Alifungua daftari akaanza kunisomea: siku ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu sawa. Kabla hajafika ya nne akalifunga. Kahawa ilikuwa nyingi, alisema. Watu walikuwa wanapiga kelele. Hakutaka kusimamisha mashine. Na mkaguzi alikuwa anakuja keshokutwa.

Nilishuka bondeni kumwonya Masanja asinyweshe kwa siku kadhaa, na kuziambia kaya zote ziteke kwenye chemchemi ya juu. Nilimkuta Masanja ameshahamisha ng'ombe.

"Mwangaluka, mama," alinisalimu kwa Kisukuma. "Umechelewa. Hawa wananusa mapema kuliko nyinyi mnavyotangaza."

"Shimo limefurika. Kosa ni letu."

"Leo mmenijibu," alisema. "Ile mara ya kwanza mlicheka."

Nilitaka kumwambia habari ya mfereji na jembe. Badala yake nikapanda mlima.

Asubuhi ya ukaguzi Mzee Domisian aliniita pembeni, penye vichanja. Alikuwa mwenyekiti mwema, na sitaki mjukuu wangu aandike vinginevyo. Alikuwa anawawaza wakulima wote waliokwisha kuleta kahawa yao.

"Mama Bukuru, mkaguzi atataka alama yako kwenye ukurasa wa mwezi huu. Weka dole gumba tu. Daftari limejaa vizuri."

"Limejaa siku ambazo hazikuonwa na mtu, mwenyekiti."

"Cheti kikikosekana, watu watakuambia nini?"

"Watanisema. Na kijito kikikosekana, waniambie nini?"

"Dole gumba halisemi kitu, mama. Ni wino tu."

"Langu ndilo jina langu. Nyinyi mkikosea kuandika mnafuta na kuandika tena. Mimi nitalifuta kwa kitu gani?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Niliogopa, nami ninalitaja hilo ili msidhani kwamba aliye mkali haogopi.

Mkaguzi alikuwa dada mdogo wa kimo, mwenye miwani. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, bibi," akakaa na daftari, akasema ni safi. Kisha akanipa kalamu, nami nikamwambia sijui kuandika. Akanisogezea kidau cha wino, nami nikamwambia sitaweka. Nilimwomba anifuate stoo.

Pale msumarini alikuta misimu yangu. Alitoa futi yake, akapima uzi mmoja, akatazama daftari. Akapima mwingine, akatazama tena. Vililingana. Aliendelea hivyo mpaka alipofika penye vijiuzi vinne vifupi sana nilivyovitundika niliporudi, kila kimoja kimefungwa fundo tupu.

"Na hivi, bibi?"

"Hizo ni siku nilizokuwa Bisibo. Sikuyaona maji, sikuyapima."

"Daftari linasema maji yalikuwa chini."

"Liulize lilisimama wapi lilipoyaona."

Renatus alikuwa mlangoni. Nilimwona akitazama viatu vyake. Kisha, pasipo kuulizwa, alisema, "Niliandika mimi, ofisini. Shimo lilifurika." Nimewafahamu watu wengi waliosoma, lakini waliosema neno kama lile mbele ya mwenyekiti wao si wengi.

Tukashuka sote mpaka kwenye nyasi zilizolala. Mkaguzi aliandika kosa, na cheti kikasimamishwa mpaka turekebishe. Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Kahawa ilikaa ghalani. Sokoni wanawake niliokuwa ninasali nao walinipita kama nguzo ya umeme. Mmoja alisema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mtu asiyejua kusoma asipewe kazi ya kusomesha wenzake. Nilipita, kwa kuwa nilikuwa nimebeba ndizi na nilikuwa nimechoka.

Mwenyekiti aliitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Tulichimba shimo la nne, refu kuliko yote, na Renatus alichimba toka mwanzo mpaka mwisho, akapata malengelenge yaliyopasuka na kuota tena. Kila uzi uliotundikwa tangu hapo alishuka kuuona ukikatwa. Mkaguzi alirudi, akapima, akatazama, akakirudisha cheti kabla ya mnunuzi kuja. Wanawake wa sokoni wakaanza kunisalimu tena, taratibu, kama watu wanaojaribu uji kama umepoa.

Mzee Laurian aliposimuliwa habari hii alivua kofia yake akajipepea. Alisema misimu yote iliyopita hakuwa na hakika kama mfumo wetu ni mzima, kwa sababu ulikuwa unaleta habari njema tu. Siku ulipoleta mbaya ndipo alipoamini. Alifariki akiwa bado anazunguka mashambani. Kofia yake aliirithi mtu ambaye haimtoshi.

Nimekaa kazini misimu mingi baada ya hapo, na mengi yalikuwa ya kawaida: chokaa iliyolowa, panya waliokula nyuzi zangu, wakaguzi waliopiga picha kuliko walivyopima. Ninaridhika nayo. Anayepima sasa ni Renatus. Ana mvi kidogo, na anavaa mabuti. Anaandika kwenye simu, lakini nimemwona akikata uzi kwanza.

Siku ya kuniaga, baada ya pilau na kitenge nilichopewa, Masanja alipanda kutoka bondeni na kibuyu cha maziwa mgando. Sasa ni mzee, anapumzika mara mbili njiani. Alinimiminia maziwa yote katika chungu changu, tukakaa ukingoni mwa shimo la nne, penye vetiva. Nikaona kwamba nikiondoka siku ile bila kusema, sitasema tena.

"Masanja, ule mfereji wa kwanza, uliokuharibia ndama, niliufungua mimi. Kila asubuhi."

"Najua."

"Alikuambia nani?"

"Ulikuwa umeshika jembe lenye tope la kahawa mpaka kwenye mpini. Nilihitaji kuambiwa?"

"Mbona hukunitaja siku ile?"

Alikung'uta kibuyu, akakifunika.

"Nilikuwa nangoja uufunge."

Kisha alijiinua kwa fimbo yake, akashuka mlima kwenda kwa ng'ombe wake. Nilimtazama mpaka alipofika. Walikuwa wamepanga mstari wameinamia kijito, wanakunywa, wala hawakuinua vichwa kumtazama.